Mawazo yamekuzidi na uko Marekani? Jinsi ya kupata msaada kwa Kiswahili chako, hatua kwa hatua

Mama mkubwa wangu alienda kliniki mara tatu mwaka wetu wa pili hapa Kentucky, kila mara anasema moyo unamuuma. Mara ya kwanza wakampima moyo, wakambandika zile waya kifuani, moyo mzima kabisa. Mara ya pili wakampa dawa ya tumbo. Mara ya tatu nesi akamsomea maswali kupitia mkalimani wa simu, una huzuni? Hapana. Umekata tamaa? Hapana. Wakaandika hana tatizo, tukatoka, afu kwenye gari akaniambia mwanangu mimi sina huzuni, mimi nina mawazo, mawazo yananimaliza, tangu tumefika nchi hii silali. Ndani ya ile kliniki hakuna mtu aliyemuuliza habari ya mawazo.

Naandika hii kwa ajili yake, ameniruhusu, na kwa ajili ya watu wetu wote waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Dzaleka, Nakivale, Meheba na kwingine wakatawanyika huku Louisville, Dayton, Houston, Boise, Portland ya Maine, mahali ambapo sisi ni wachache na fomu zote ni za Kizungu. Mimi sio daktari. Ni mtoto wa kambi niliyekuwa mtafsiri wa familia toka nina miaka 13, baadae nikasomea ukalimani wa hospitali, kwa hiyo milango hii naijua pande zote mbili. Soma taratibu, na kama mzazi wako hasomi basi msomee.

KABLA YA YOTE, KAMA HALI NI MBAYA LEO

Kama wewe au mtu wa nyumbani anasema anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake, au anaaga watu bila sababu, usisubiri apointimenti. Piga 988. Hii ni namba ya msaada kwa anayewaza kujiua au aliyezidiwa, ilianza kazi Julai 2022 nchi nzima, ni bure, usiku na mchana. Ukipiga utasikia sauti ya mashine inaongea Kiingereza, usikate, usibonyeze kitu, ngoja mpaka mtu apokee, ukimsikia sema neno moja tu: "Swahili". Rudia. Atakuweka kidogo kwenye laini anatafuta mkalimani, wana wakalimani wa lugha zaidi ya 240. Hapo kwenye kungoja ndo watu wetu wengi wanakata simu wakidhani wamekataliwa, hujakataliwa, ngoja. Ila jua kwamba kuwaandikia meseji ni kwa Kiingereza na Kihispania tu, Kiswahili ni kwa kupiga.

Muulize mtu wako waziwazi, "unawaza kujiua?" Najua mdomo unakuwa mzito, kwetu tunaona ukitaja utakuwa umemwitia kifo. Sivyo, kumuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi anapumua maana hatimaye mtu ameona. Usimwache peke yake. Toa dawa zote nyumbani, hata zile za maumivu za kawaida mnazonunua Walmart, fungia au mpe jirani, na kama kuna bunduki kwenye nyumba itoke leo hii.

Kama ameshajiumiza au ameshika silaha, hapo ni 911 au emajensi ya hospitali. Emajensi hawawezi kukufukuza sababu huna bima, sheria ya mwaka 1986 inawalazimu wakuchunguze na kukutuliza kwanza, na shida ya akili inahesabika sawa na ya mwili. Sasa najua kwanini wengi wetu tunaogopa 911, wote tunakumbuka Patrick Lyoya, Mkongo mwenzetu aliyepigwa risasi na polisi Grand Rapids, Michigan, Aprili 2022, japo yeye alisimamishwa kwa mambo ya gari tu. Hiyo hofu sio ujinga. Ndo maana nasema kama hakuna silaha na hakuna damu anza na 988. Na ukilazimika kupiga 911 sema mapema kwamba huyu ni mgonjwa, "mental health crisis", hana silaha kama kweli hana, na omba "CIT officer", hao ni polisi waliofundishwa kushughulika na mtu aliyechanganyikiwa, mafunzo yalianzia Memphis mwaka 1988 na sasa miji mingi wanao. Mtu mmoja wa familia atoke nje mikono mitupu awapokee.

HATUA YA 1: IPE SHIDA YAKO MANENO YAKO MWENYEWE

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo mama mkubwa alipotelea.

Huku daktari anatafuta maneno kama dipresheni (huzuni nzito isiyoisha), trauma (kidonda cha mambo mabaya yaliyokupata), angzaiti (wasiwasi usiotulia). Sisi hatusemi hivyo. Sisi tunasema nina mawazo. Kichwa kimejaa. Moyo unauma, moyo unaenda mbio. Usingizi umenikimbia. Mwili hauna nguvu, miguu inawaka moto. Nasikia kama nimebeba mzigo. Na kuna tunayosema kwa sauti ya chini, nawaona waliokufa, nikilala niko tena kule. Haya maneno ni dalili kamili, hayana upungufu wowote, shida ni kwamba mkalimani akitafsiri "moyo unauma" neno kwa neno, daktari anakimbilia kupima moyo. Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, na Dr. Dixon Chibanda kule Harare tangu 2006 akawafundisha mabibi kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki wakizungumzia hiyohiyo kufungisisa, bila kumlazimisha mtu ajifunze jina la Kizungu kwanza.

Kwa hiyo usitafute neno la Kizungu. Fanya hivi, chukua karatasi siku mbili tatu kabla ya kwenda, andika kwa Kiswahili au kama huandiki mwambie mtoto mkubwa arekodi sauti yako kwenye simu, vitu vinne:

Nini unasikia mwilini na wapi. Tangu lini. Mara ngapi kwa wiki, hasa usingizi, unalala saa ngapi kwa usiku. Na umeacha kufanya nini.

Hiyo ya mwisho ndo inamfungua daktari masikio. Mama mkubwa yake ilisomeka hivi: "Tangu mwezi wa tatu nalala masaa mawili kwa usiku. Mlango ukigongwa natetemeka mpaka nakaa chini. Nasikia kitu kizito kifuani jioni, asubuhi hakipo. Nimeacha kuimba kwaya. Sipiki, watoto wanakula mkate." Mistari mitano tu. Daktari alipotafsiriwa ile ya kwaya akaweka kalamu chini akamwangalia.

Na kuna fomu moja uiulizie kwa jina, RHS-15, maswali 15 yaliyotengenezwa Seattle kwa ajili ya wakimbizi, ipo kwa Kiswahili. Naipenda hii fomu maana inauliza kama sisi tunavyoongea, inaanza na maumivu ya misuli na mifupa, afu inauliza kama unawaza sana au una mawazo mengi kupita kiasi, kama unalia upesi, kama unashtuka. Majibu yake yana picha za mitungi, mtupu mpaka uliojaa, hata asiyesoma anaonyesha kwa kidole mtungi wake. Ukisikia nesi anasoma maswali ya haraka haraka kwa Kiingereza mwambie "RHS-15 in Swahili, please". Kliniki nyingi zinazopima wageni wapya zinaijua.

HATUA YA 2: INGIA KWA MLANGO ULIO NAO

Watu wananiuliza nitampata wapi saikolojisti Mswahili. Usianzie hapo, utachoka. Anza na kliniki yako ya kawaida, yule daktari anayekupima presha. Daktari wa familia anaweza kukuandikia dawa za dipresheni na za usingizi, anaweza kukutuma kwa therapisti, yaani mtu anayetibu kwa mazungumzo, na hapo hapo anacheki kama sio thairoidi, ile tezi ya shingoni, au upungufu wa damu maana hivyo navyo vinamlegeza mtu. Daktari bingwa wa akili foleni yake inaweza kuwa miezi, kwa hiyo anza matibabu huku unasubiri.

Kama huna kliniki yoyote tafuta kile wanaita "community health center". Mashirika yanayoendesha vituo hivi ni karibu 1,400 nchi nzima, yanapata hela ya serikali kuu na kwa sababu hiyo hayaruhusiwi kukurudisha eti huna pesa. Piga 211, namba ya kuulizia misaada ya eneo lako, sema "Swahili", uliza kituo kilicho karibu. Vingi vina therapisti ndani ya jengo hilohilo, na hili ni kubwa kwa watu wetu, manake ukikaa pale kwenye viti vya kungojea hakuna mtu wa kanisani anayejua umekuja kwa presha au kwa mawazo.

Kama uliteswa, ulifungwa, ulibakwa, au ulishuhudia watu wako wakiuawa, kuna vituo maalum vya walionusurika mateso. Kikubwa ni Center for Victims of Torture cha St. Paul, Minnesota, kipo tangu 1985 na wamefanya kazi hata Kenya na wakimbizi, kwa hiyo ukisema Kakuma hawashangai. New York kuna programu ya hospitali ya Bellevue. Miji mingine ina vyake, muulize daktari au kesiwoka, yule wa shirika anayeshughulikia familia yako, hivi: "program for survivors of torture". Hapo huduma inakuwa bure na mara nyingi wanasaidia na mwanasheria pia. Naomba msijitoe wenyewe kwenye neno mateso, nimesikia wanaume wa Fizi na Uvira kule Kongo wanasema mimi sikuteswa, nilipigwa tu na wanajeshi siku tatu.

HATUA YA 3: PESA

Hapa mambo yamebadilika na watu wengi bado wana habari za zamani.

Zamani mgeni mpya asiyeingia Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, alipewa msaada wa matibabu wa wakimbizi miezi 12. Tangu Mei 2025 umekatwa ukawa miezi 4 tu. Yaani ukishuka kwenye ndege saa imeanza, usiseme nitulie kwanza nipate kazi, fanya vipimo vyote na uanze therapi ndani ya hiyo miezi minne.

Medicaid nayo, kuna sheria ilisainiwa Julai 4, 2025 inayosema kuanzia Oktoba 1, 2026 wakimbizi na waliopewa asailamu (hifadhi) ambao bado hawana grini kadi wanatolewa kwenye walioruhusiwa kulipiwa na serikali kuu. Kwa hiyo ukitimiza mwaka mmoja jaza I-485, fomu ya kuomba grini kadi, usikae nayo. Na usitupe barua yoyote ya Medicaid hata kama huielewi, piga picha mtumie mtu, kuna watu wamepoteza bima sababu ya bahasha iliyokaa juu ya friji.

Kuna uongo unazunguka kwamba ukitumia Medicaid au ukitibiwa akili unanyimwa grini kadi. Mkimbizi na aliyepewa asailamu hawahesabiwi kwenye ile sheria ya kuwa mzigo kwa serikali. Nenda katibiwe.

Jimbo nalo linaleta tofauti. Kentucky mtu mzima mwenye kipato kidogo anaingia Medicaid, Texas na Tennessee mtu mzima asiye na watoto karibu haiwezekani. Ukiwa huko, au ukiwa huna bima kabisa, kwenye kile kituo sema "sliding fee". Maana yake malipo yanashuka kulingana na kipato chako. Peleka chekistabu (karatasi za mshahara) za mwezi, kitambulisho, na karatasi yenye anwani. Kama huna kazi omba wakupe fomu ya kueleza hivyo.

Bili ya emajensi ikija usiilipe siku hiyohiyo kwa kadi ya mkopo na usiifiche. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kusaidia wasio na uwezo, piga namba iliyo kwenye bili sema "financial assistance application" na uombe mkalimani. Nimeona bili ya maelfu inafutwa kwa fomu ya kurasa tatu.

Usafiri, ukiwa na Medicaid una haki ya gari ya bure kwenda apointimenti, ya akili ikiwemo. Namba iko nyuma ya kadi. Piga siku kadhaa kabla.

HATUA YA 4: MKALIMANI, NA HAPA NAOMBA MNISIKILIZE VIZURI

Nina miaka 13 nilikaa katikati ya mama yangu na daktari. Daktari akauliza swali kuhusu mambo yaliyompata njiani tukitoka Kongo, swali ambalo mtoto wa kiume hapaswi kumuuliza mama yake. Nikatafsiri nusu. Mama akaniangalia akajua nimetafsiri nusu, akajibu hapana. Tukatoka pale wote wawili tumenyamaza, na ile "hapana" imekaa kwenye faili lake miaka sita. Kliniki siitaji, ila haikuwa sawa, na hata kisheria haikuwa sawa.

Sheria iko hivi. Hospitali au kliniki yoyote inayopokea hela ya serikali kuu, na hizo ni karibu zote, inatakiwa kukupa mkalimani aliyefundishwa, bure. Msingi ni sheria ya haki za raia ya 1964, ikaongezewa nguvu na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010. Hawaruhusiwi kukuambia uje na mtu wako. Hawaruhusiwi kumtumia mtoto chini ya miaka 18, labda iwe dharura ya kufa na kupona wakati mkalimani anatafutwa.

Namna ya kufanya:

Ukipiga simu kuomba apointimenti sema "Swahili interpreter, please" halafu kaa kimya. Wakirudia Kiingereza nawe rudia hayohayo. Waambie waandike kwenye faili ili usianze upya kila mara.

Sema Kiswahili kipi. Kiswahili cha Bukavu na Uvira kimejaa Kifaransa, mkalimani wa Nairobi anaweza kukosa nusu bila kukubali kwamba amekosa. Sema "Congolese Swahili". Na kama lugha ya moyo wako ni Kinyamulenge, Kibembe, Kifuliiru au Kirundi jaribu kuomba hiyo, maana mambo ya msiba hayatoki kwa lugha ya sokoni. Ofisi zinaandika Swahili kwa kila mtu aliyetoka kambini na wazee wanaitikia tu kwa adabu.

Unaweza kuomba mwanamke au mwanaume. Unaweza kukataa. Mji mdogo kama wetu mkalimani anaweza kuwa shemeji wa mchungaji wako, ukimuona tu na hujisikii vizuri mwambie daktari "different interpreter, by phone", wa simu anaweza kuwa yuko jimbo lingine kabisa na hata jina lako hana haja ya kulijua. Mkalimani hatakiwi kukasirika, mimi nimekataliwa mara nyingi na ninainuka natoka.

Ukiongea muangalie daktari, sema kidogo, simama, acha itafsiriwe. Kama umeongea dakika mbili na mkalimani akasema maneno manne, kuna kitu kimeliwa, inua mkono sema "please, everything". Mkalimani mzuri hasemi "anasema kwamba", anasema "mimi" kana kwamba ni wewe. Na akianza kukushauri, eti mama samehe tu sahau, huyo ametoka kwenye kazi yake.

Wakikunyima kabisa andika tarehe, jina la ofisi na walichosema. Malalamiko yanaenda Ofisi ya Haki za Raia ya Wizara ya Afya ya Marekani ndani ya siku 180. Ila kabla ya kufika huko muombe meneja wa kliniki, mara nyingi inaishia hapo.

Na saa! Hii imewakosesha watu wengi matibabu. Apointimenti ya "3:00 PM" ni saa tisa alasiri kwa saa yetu. Mzee anasikia tatu, anafika asubuhi, anaambiwa bado, anarudi nyumbani amekasirika. Ukikosa mara mbili tatu kliniki nyingi zinakutoa kwenye orodha. Andika namba kama inavyoonekana kwenye simu na weka alamu hapohapo kabla hujakata.

HATUA YA 5: SIKU YENYEWE, SIRI NA DAWA

Toa kikaratasi chako. Usianze na "sijambo". Najua ndo adabu yetu, daktari anauliza hujambo mama unajibu sijambo baba na kweli anaandika hujambo.

Kuhusu siri, sheria inaitwa HIPAA, ya 1996. Therapisti hawezi kumwambia bosi wako, mume wako wala mchungaji, na kazi yake sio kuripoti kwa uhamiaji. Kuna mahali anaruhusiwa kuvunja siri na ni vizuri ujue mapema: ukisema utajiua au utamuua mtu, au kama mtoto anaumizwa. Hili la mtoto linawatisha wazazi wetu, wanadhani ukisema tu una mawazo watoto wanachukuliwa. Kuwa na mawazo sio sababu. Muulize mwanzoni kabisa, "nikisema nini utalazimika kuripoti?" atakueleza bila kinyongo.

Sio lazima usimulie yote siku ya kwanza. Wala ya pili. Kuna waliopona usingizi kabla ya kusimulia hata kitu kimoja, kwa kufundishwa tu namna ya kupumua usiku ndoto ikija na kujirudisha kwenye chumba, miguu chini, kutaja vitu vitano unavyoviona. Mtu akikusukuma useme mauaji siku ya kwanza una haki ya kusema bado.

Dawa za dipresheni hazifanyi kazi kama Panadol. Zinahitaji wiki 4 mpaka 6 hivi, na wiki ya kwanza tumbo linaweza kuvurugika au kichwa kuuma kabla nafuu haijaja, ndo pale watu wanaacha wakisema dawa ya wazungu mbaya. Ila ukiona wiki hizo hali inazidi, hasa kwa kijana, au mawazo ya kufa yanaongezeka, piga simu siku hiyohiyo. Usiache ghafla hata ukiwa mzima, utasikia kizunguzungu, mpigie daktari apunguze polepole. Usimpe dada yako za kwako. Na kama unakunywa miti shamba au dawa iliyotoka nyumbani mwambie daktari, hatakucheka na akicheka badilisha daktari, mengine yanagongana.

KANISA, MSIKITI, NA WANAUME

Wengi kwanza wanaenda kwa mchungaji au sheikh, na sisemi usiende. Kule kambini bila maombi tusingefika hapa. Ninachoomba ni viende pamoja. Mwambie mchungaji, baba niombee na unisindikize kliniki Alhamisi. Nimemuona mmoja anafanya hivyo, anakaa kwenye kiti cha kungojea na Biblia mapajani, na tangu aanze, kanisani kwake watu hawanong'oni tena. Mtu akikwambia uache dawa sababu ni pepo, tafuta mtu mwingine wa kukuombea.

Wanaume wetu hawaji. Wanafanya shifti ya usiku werehausi au kiwanda cha nyama, wanalala mchana masaa manne, wanakunywa ili walale, na ukiwauliza wanasema nimechoka na kazi. Kaka, kama pombe ndo dawa yako ya usingizi hiyo ni dalili, sio starehe. Ukiogopa kufukuzwa, jua kuna sheria ya 1993, FMLA: kampuni yenye wafanyakazi 50 na kuendelea, ukishafanya mwaka na masaa 1,250, unaweza kupata mpaka wiki 12 bila mshahara ila kazi inakungoja, na unaweza kuzikatakata, masaa mawili kila wiki kwa ajili ya therapi. Daktari anajaza fomu, HR, ile ofisi ya wafanyakazi, inapokea. Kampuni nyingi kubwa pia zina simu ya ushauri ya bure kwa wafanyakazi, vikao vichache vya mwanzo, uliza HR "EAP".

Kwa wazee waliofeli mtihani wa uraia mara mbili tatu sababu kila kitu kinatoka kichwani, sio kila mara ni uzee. Kuna fomu N-648, ya kuomba usamehewe mtihani huo, ambayo daktari au saikolojisti wa kliniki akiona ugonjwa unazuia kweli kujifunza anaweza kuijaza. Ila asikuuzie mtu fomu hiyo mtaani. Ianzie kwa daktari anayekutibu.

Watoto, shuleni kuna kaunsela na nawe kama mzazi una haki ya mkalimani kwenye kila kikao cha shule. Wakikuita usimtume dada mtu.

UKIONA HAIENDI

Nenda vikao vitatu vinne. Kama bado unarudi nyumbani unajisikia hukusikilizwa, sema kwenye mapokezi, "different therapist, please". Haina ubaya, hawakuandiki mkorofi. Mama mkubwa alibadilisha mara mbili, wa kwanza alikuwa anaangalia kompyuta muda wote, wa pili alihama mji. Wa tatu ni mama mtu mzima, hajui hata neno la Kiswahili, ila siku ya kwanza alimuuliza kupitia simu, "kwenu mtu akiwa na hali hii mnaitaje?" Mama mkubwa akasema, mawazo. Yule mama akaliandika kwenye daftari lake herufi kwa herufi na mpaka leo analitumia, anamuuliza wiki hii mawazo yalikuwaje.

Anaenda Jumanne moja, inayofuata anaruka. Gari inamchukua saa tatu asubuhi, 9:00 kwenye simu, nimembandikia kwenye mlango wa friji. Anangojea chini kwenye ngazi na kitenge begani, kikaratasi kiko kwenye pochi. Wiki iliyopita kilikuwa na mstari mmoja tu, nimelala mpaka saa kumi na mbili.